Enioni: Chembe za ulimwengu bapa na siri ya kilo ya majani chai

HAKUNA neno linalozua ubishi katika vituo vya kununulia majani chai vya Kericho na Bomet kuliko neno kilo. Mkulima anayepeleka majani yake kwa viwanda vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapkoros huamka alfajiri, akachuna majani mawili na chipukizi hadi jua likawa la utosi, kisha jasho lake lote likategemea tarakimu inayosomwa kwenye mizani ya karani. Zikipungua gramu 200 kila anapopima, akipima mara 100 atakuwa amepoteza kilo 20.

Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza swali lililo nyuma ya ubishi huo: kilo yenyewe ni nini? Nani aliyeamua kwamba uzito huu ndio kilo kamili, wala si pungufu wala zaidi?

Tangu Mei 20, 2019, jibu rasmi la swali hilo haliko tena katika kipande cha madini kilichofungiwa Ufaransa. Limo ndani ya fizikia ya kwantamu, na mojawapo ya nguzo zake ni tabia ya elektroni zinapobanwa katika tambarare nyembamba mno, kiasi kwamba haziwezi kupanda wala kushuka.

Katika tambarare hiyo hiyo ndimo zilimopatikana chembe za ajabu ziitwazo enioni. Chembe hizi hazimo katika jamii yoyote kati ya zile mbili ambazo kwa nusu karne wataalamu waliamini kwamba zinatosha kueleza kila kitu ulimwenguni. Msomaji asizichanganye na anioni za somo la kemia, ambazo ni atomu zenye chaji hasi. Enioni ni jambo jingine kabisa, na makala haya yanakusudia kulieleza bila hesabu nzito.

JAMII MBILI

Kila chembe ndogo ya maumbile inayoishi katika nafasi yetu ya kawaida, yenye urefu, upana na kimo, ni ya jamii moja kati ya mbili. Jamii ya kwanza ni fermioni, zilizopewa jina la Mwitaliano Enrico Fermi. Elektroni, protoni na nyutroni zote ni fermioni. Jamii ya pili ni bosoni, zilizopewa jina la Satyendra Nath Bose, mwanafizikia wa Kihindi ambaye mwaka 1924 alimwandikia Albert Einstein kuhusu namna mpya ya kuhesabu chembe za mwanga.

Tofauti yao inaweza kuelezwa kwa mfano wa matatu. Fermioni ni abiria wa matatu inayofuata sheria alizozileta Waziri John Michuki mwaka 2004: kila kiti mtu mmoja, na aliyekosa kiti asubiri gari jingine. Wolfgang Pauli ndiye aliyeitambua kanuni hiyo ya elektroni mwaka 1925. Bosoni nazo ni abiria wa zama zilizotangulia sheria hizo: hukaa wengi katika kiti kimoja, na kadiri wanavyojaa ndivyo wengine wanavyopenda kujiunga nao.

Tofauti hiyo si mzaha. Kwa kuwa elektroni hukataa kukalia nafasi moja, hupangana katika atomu ngazi kwa ngazi, na mpangilio huo ndio unaoipa kila elementi tabia yake. Lau elektroni zingekuwa bosoni, zote zingeshuka hadi ngazi ya chini kabisa, na kusingekuwa na kemia, majani chai wala mtu wa kuyachuna. Kwa upande mwingine, kwa kuwa chembe za mwanga ni bosoni na hupenda kusongamana, binadamu ameweza kutengeneza miale ya leza.

KUBADILISHANA NAFASI

Kwa nini jamii ziwe mbili tu, wala si tatu au kumi? Jibu limo katika tendo dogo sana: chembe mbili zinazofanana kila kitu zinapobadilishana nafasi.

Katika fizikia ya kwantamu, hali ya chembe huelezwa kwa wimbi, na kila wimbi lina awamu yake. Msomaji aifikirie awamu hiyo kama mshale wa saa. Tuseme mshale unaelekea juu, penye tarakimu 12. Bosoni mbili zikibadilishana nafasi, mshale hubaki pale pale juu. Fermioni mbili zikibadilishana nafasi, mshale hugeuka nusu mzunguko na kuelekea chini, penye tarakimu 6.

Sasa zibadilishane nafasi mara ya pili. Bosoni hazikuwa zimebadili kitu, na bado hazijabadili kitu. Fermioni huugeuza mshale nusu mzunguko mwingine, nao hurudi juu. Katika jamii zote mbili, kubadilishana mara mbili ni sawa na kutofanya lolote.

Jambo hilo si sadfa. Kubadilishana mara mbili ni sawa na chembe moja kuizunguka nyenzake na kurudi mahali ilipokuwa. Katika ulimwengu wenye kimo, mzunguko kama huo unaweza kupunguzwa kidogo kidogo hadi ukatoweka. Chukua kamba iliyouzunguka mti uliokatwa ukabaki kisiki. Ukiiinua kamba juu ya kisiki, inatoka bila kukatwa. Basi mzunguko ambao unaweza kuondolewa hivyo hauwezi kuacha alama yoyote, na mshale lazima urudi juu. Mgeuko wa robo mzunguko, kwa mfano, haukubaliki, kwa sababu ukirudiwa mara mbili utauacha mshale ukielekea chini. Ndiyo maana zinabaki njia mbili peke yake: kutogeuka kabisa, au kugeuka nusu.

Lakini mfikirie mdudu ambaye maisha yake yote yamo juu ya ardhi bapa, asiyejua kuna kitu kinachoitwa juu. Kwake yeye, kamba iliyokizunguka kisiki haiwezi kutoka kamwe, isipokuwa ikatwe. Katika ulimwengu wake, kuzunguka mara moja ni tofauti na kutozunguka, na kuzunguka mara mbili ni tofauti na mara moja. Hata kuzunguka kuelekea kulia ni tofauti na kuelekea kushoto.

Hapo ndipo sharti la zamani linapovunjika. Ikiwa mzunguko hauwezi kufutwa, basi unaweza kuacha alama, na mshale unaweza kusimama penye tarakimu yoyote: 1, 2, 5 au mahali popote kati yake.

Wanorwe wawili wa Chuo Kikuu cha Oslo, Jon Magne Leinaas na Jan Myrheim, ndio waliolionyesha jambo hilo mwaka 1977. Hawakuwa na mashine ya thamani. Walikuwa na kalamu, karatasi na swali ambalo wengine walidhani limekwisha kujibiwa. Mwaka 1982, Mmarekani Frank Wilczek alizipa chembe hizo jina la enioni, alilolitoa katika neno la Kiingereza lenye maana ya 'yoyote', kwa kuwa mshale wao unaweza kusimama popote.

TAMBARARE YA KWELI

Msomaji makini atauliza: ulimwengu bapa uko wapi? Hata karatasi ina unene, na hata shamba la chai linaloonekana kama zulia la kijani kutoka barabarani Kapsoit lina mashina na mizizi chini yake.

Jibu ni kwamba, kwa elektroni, si lazima unene uwe sufuri. Inatosha mwendo wa kupanda na kushuka uzuiwe kabisa. Wahandisi hupanga tabaka za fuwele za nusu-pitishi, kwa kawaida galiamu arsenidi na nyingine iliyochanganywa na aluminiamu, tabaka moja juu ya nyingine, atomu kwa atomu. Mahali tabaka hizo zinapokutana, elektroni hunaswa katika nafasi yenye unene wa takriban sehemu kumi za milimita iliyogawanywa mara milioni.

Katika nafasi finyu kiasi hicho, sheria za kwantamu haziruhusu elektroni ipande kidogo au ishuke kidogo. Ama iruke ngazi nzima ya nishati, au itulie. Fuwele ikipozwa hadi karibu na baridi ya mwisho iliyopo, ambayo ni nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sufuri, elektroni hukosa nishati ya kuruka ngazi hiyo. Zinabaki na mielekeo miwili tu: mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kimo kimefungwa kwao kama mlango uliopigwa kufuli.

Teknolojia hii haikubaki maabara. Mwaka 1980, Takashi Mimura na wenzake wa kampuni ya Fujitsu ya Japani walitangaza transista inayotumia tambarare ya elektroni, na katika muongo huo huo ikaanza kutumiwa katika vipokezi vya matangazo ya setilaiti. Kwa hivyo, dishi lililopachikwa juu ya paa la mabati kule Silibwet au Sotik ni jirani wa karibu wa fizikia hii kuliko mwenye nyumba anavyodhani.

NGAZI ZA VON KLITZING

Usiku wa kuamkia Februari 5, 1980, Mjerumani Klaus von Klitzing alikuwa Grenoble, Ufaransa, akichunguza tambarare ya elektroni iliyopozwa na kuwekwa katika uga wa sumaku wenye nguvu nyingi. Alipitisha mkondo wa umeme upande mmoja, akapima volteji iliyojitokeza kwa upande.

Kwa kawaida, volteji hiyo huongezeka taratibu kadiri nguvu ya sumaku inavyoongezwa, kama mtu anayepanda kilima. Katika tambarare ya von Klitzing, ilipanda kama mtu anayepanda ngazi: ikasimama, ikaruka, ikasimama tena. Na kila ngazi ilikuwa na kimo kile kile hasa, kinachotokana na ukinzani wa omu 25,812.807 uliogawanywa kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Ikiwa fuwele ina uchafu, ikiwa ni ndefu au fupi, ikiwa imekatwa vizuri au vibaya, tarakimu haibadiliki. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Miaka miwili baada ya Grenoble, Daniel Tsui na Horst Störmer wa Maabara za Bell, Marekani, wakitumia fuwele safi zaidi iliyotengenezwa na Arthur Gossard, waliona ngazi mahali ambapo hapakutarajiwa ngazi. Ilikuwa penye theluthi moja. Mwaka 1983 Robert Laughlin alieleza maana yake: elektroni zilikuwa zimeacha kutenda kila moja kivyake, zikawa kitu kimoja. Tsui, Störmer na Laughlin walitunukiwa Nobel mwaka 1998.

THELUTHI YA ELEKTRONI

Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Msemo huo unaufupisha ugunduzi wa Laughlin vizuri kuliko milinganyo mingi.

Uga wa sumaku unapoipenya tambarare, unaweza kufikiriwa kama vizingia vidogo vya maji vilivyotapakaa juu ya ziwa, na kila kizingia kina ukubwa ule ule. Katika hali ya theluthi moja, kila elektroni huwa na vizingia vitatu vyake. Hesabu inatimia, na elektroni zote hutulia katika mpangilio mmoja wenye amani.

Sasa nguvu ya sumaku iongezwe kidogo, kizingia kimoja zaidi kijitokeze bila mwenyewe. Mahali pale panakuwa na pengo. Kwa kuwa elektroni nzima ni ya vizingia vitatu, kizingia kimoja kisicho na mwenyewe ni pengo la theluthi ya elektroni. Pengo hilo linaweza kusogea, kuzunguka na kupimwa. Linatenda kama chembe kamili, lenye chaji ya theluthi moja.

Hakuna elektroni iliyokatwa vipande vitatu. Mfano wake ni foleni katika kituo cha kununulia majani. Mtu wa mbele akipimiwa na kuondoka, nafasi tupu hurudi nyuma mtu kwa mtu hadi mkia wa foleni. Nafasi hiyo si mtu, haina jina, lakini unaweza kuifuata kwa macho na kusema sasa iko hapa, sasa iko pale. Chembe za aina hii ni zao la umati, na umati ukitawanyika nazo hutoweka.

Chaji hiyo ya theluthi ilipimwa mwaka 1997 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, moja katika Taasisi ya Weizmann nchini Israeli na jingine huko Saclay, Ufaransa. Lakini chaji ni jambo moja, na ukoo ni jambo jingine. Ilibaki kuthibitishwa kwamba chembe hizi ni enioni kweli, yaani zinapobadilishana nafasi mshale hausimami juu wala chini.

USHAHIDI WA 2020

Ushahidi ulichukua zaidi ya miaka 20 mingine. Mwaka 2020, kundi la Gwendal Fève mjini Paris liliigonganisha mikondo miwili ya chembe za theluthi kwenye njia panda ndogo ndani ya fuwele. Fermioni zikikutana katika njia panda kama hiyo hukwepana na kila moja ikashika njia yake, ilhali bosoni huandamana. Chembe hizi zilifanya jambo la katikati, sawasawa na nadharia ya enioni ilivyotabiri.

Mwaka huo huo, kundi la Michael Manfra katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, lilitumia njia ya moja kwa moja zaidi. Lilizifanya chembe zikizunguke kisiwa kidogo ambacho ndani yake kulikuwa na chembe nyingine, kisha likaupima mshale. Kila idadi ya chembe za ndani ilipobadilika kwa moja, mshale uliruka theluthi ya mzunguko, yaani kutoka tarakimu 12 hadi 4. Kwa kuwa kuzunguka ni kubadilishana mara mbili, kubadilishana mara moja kunaufikisha mshale penye 2. Si juu, si chini. Jamii ya tatu ilikuwa imepatikana.

Mwaka 2023, watafiti wa Marekani na China walipiga hatua nyingine. Waliona hali za namna hii katika tabaka zenye unene wa atomu chache zilizopindwa kidogo moja juu ya nyingine, bila kuhitaji uga wa sumaku kutoka nje.

KILO INAINGIAJE?

Turudi kwenye mizani. Tangu 1889, kilo ilikuwa uzito wa kipande cha platinamu na iridiamu kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Nakala zilisambazwa kwa mataifa, na kila zilipolinganishwa zilionekana kutofautiana kidogo sana na ile ya asili. Hakuna aliyeweza kusema ni nakala zilizoongezeka au ni kilo yenyewe iliyopungua, kwa sababu kwa mujibu wa sheria kilo ya Sèvres haikuweza kukosea.

Novemba 2018, mataifa yaliyokutana Versailles yaliamua kukiacha kipande hicho. Badala yake, kilo ilifungwa kwenye tarakimu ya maumbile iitwayo kiwango thabiti cha Planck. Ili kuigeuza tarakimu hiyo kuwa uzito unaoshikika, hutumiwa mizani maalumu iliyobuniwa na Mwingereza Bryan Kibble. Upande mmoja uzito huvuta chini, upande wa pili nguvu ya umeme na sumaku huvuta juu. Umeme huo lazima upimwe kwa usahihi usio na mfano, na ukinzani wake hupimwa kwa ngazi zile zile alizoziona von Klitzing Grenoble.

Kwa hivyo, tambarare ya elektroni ni miongoni mwa nguzo za kilo ya dunia. Kutoka hapo usahihi hushuka kwa daraja: maabara kuu za dunia, kisha viwango vya taifa ambavyo nchini Kenya hutunzwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kisha mawe ya maafisa wa vipimo na mizani, hadi mizani ya kielektroniki inayoning'inizwa gunia la majani.

Ni vyema kusema wazi kwamba mabadiliko ya 2019 hayakumwongezea wala kumpunguzia mkulima hata gramu moja. Yalipangwa hivyo makusudi. Aidha, fizikia haiwezi kumzuia mtu mwenye kidole kizito juu ya mizani. Uaminifu katika daraja la mwisho ni kazi ya sheria, ukaguzi na macho ya wakulima wenyewe. Jambo ambalo sayansi imelifanya ni kuhakikisha kwamba katika daraja la kwanza hakuna mwenye kilo yake binafsi. Kilo si mali ya Ufaransa tena. Nchi yoyote yenye vifaa na ujuzi inaweza kuitengeneza yenyewe.

KUSUKA KOMPYUTA

Sababu kubwa ya makampuni na serikali kumwaga fedha katika utafiti wa enioni ni kompyuta za kwantamu. Kompyuta hizo hutegemea hali za wimbi ambazo ni dhaifu mno. Joto kidogo au mtikisiko mdogo huzivuruga, na hesabu ikaharibika.

Mwaka 1997 Mrusi Alexei Kitaev alipendekeza kinga ya ajabu: habari isihifadhiwe ndani ya chembe yoyote, bali katika namna chembe zilivyozungukana. Enioni zikisogezwa huku na huku kwa muda, njia zao huwa kama nyuzi zinazosukwa. Anayejua kusuka ukili au nywele anajua kwamba msuko haufumuki kwa sababu uzi mmoja umetikiswa. Ili kuufumua ni lazima nyuzi zirudishwe hatua kwa hatua.

Kazi hiyo inahitaji enioni za aina maalumu, ambazo kwazo mpangilio wa hatua hubadili matokeo. Mfano mzuri uko katika kiwanda cha chai. Majani yakisagwa na kuachwa yachachuke kabla ya kukaushwa kwa joto, hutoka chai nyeusi. Joto likitangulia kabla ya kuchachuka, hutoka chai ya kijani. Jani ni lile lile, ila mpangilio umebadilika, na matokeo yakabadilika. Enioni za kawaida, kama zile za theluthi moja, hazina kumbukumbu ya namna hiyo. Zile maalumu zinayo.

Katika uwanja huu, tahadhari inahitajika. Makala yaliyochapishwa mwaka 2018 na kundi la Delft, Uholanzi, kuhusu chembe za jamii hii ziitwazo Majorana, yaliondolewa na waandishi wake mwaka 2021 baada ya kasoro kugunduliwa katika uchanganuzi wa data. Februari 2025 kampuni ya Microsoft ilitangaza kifaa ilichokiita Majorana 1, lakini wanafizikia wengi walitilia shaka madai yake, na wahariri wa jarida la Nature walieleza kwamba matokeo yaliyochapishwa humo si uthibitisho wa kuwepo kwa chembe hizo. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 watafiti wa Google na wa Quantinuum walionyesha usukaji wa enioni maalumu kwa kuziunda ndani ya kompyuta za kwantamu zilizokuwepo. Kompyuta kamili inayojilinda kwa msuko bado haijapatikana.

SISI TUKO WAPI?

Mei 2023, waandamanaji mjini Kericho na vitongoji vyake waliteketeza mashine za kuchuna majani chai, wakilalamika kwamba zimewanyang'anya watu kazi. Makala haya hayakusudii kuamua mgogoro huo. Lakini tukio lile lina somo kwa mada yetu: jamii inayokutana na sayansi ikiwa tayari imekuwa mashine hubaki na hiari mbili tu, kuinunua au kuiteketeza. Hiari zilizokuwepo kabla, za kuuliza, kubuni na kuelekeza, huwa zimekwisha kutumiwa na wengine.

Afrika Mashariki haiko mbali na jambo hili kama inavyodhaniwa. Heliamu, gesi inayotumiwa kufikia baridi inayohitajika, ilitangazwa mwaka 2016 kuwa imegunduliwa kwa wingi katika bonde la Rukwa, Tanzania, ambalo ni sehemu ya Bonde la Ufa. Mwaka 2012 mji wa Eldoret uliandaa mafunzo ya bara zima kuhusu hesabu za elektroni ndani ya mango. Tangu 2018, Kigali ina taasisi ya utafiti wa sayansi ya msingi ya Afrika Mashariki, inayoshirikiana na kituo cha Trieste, Italia, kilichoasisiwa na Abdus Salam wa Pakistani. Isitoshe, azimio la Umoja wa Mataifa lililoutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwantamu liliwasilishwa rasmi na Ghana.

Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, kimezungukwa na michai pande zote. Si lazima kiwe na friji ya mamilioni ya fedha ili mwanafunzi wake aingie katika fani hii. Leinaas na Myrheim walianza na swali kuhusu namna ya kuzunguka kitu usichoweza kukiruka. Swali hilo linaweza kuulizwa Ainamoi, Konoin au Chepalungu bila kununua kifaa hata kimoja.

Tatizo ni kwamba, kwa miaka mingi chini ya mtaala wa 8-4-4, fizikia ilikuwa somo la hiari katika madarasa ya juu, na wanafunzi wengi waliikwepa wakiamini ni ya wachache wenye vipaji. Mzazi anayetaka mizani ya kituo iwe ya haki ana sababu ya kutamani mwanawe alipende somo hilo. Kilo anayoipigania kila asubuhi imejengwa juu yake, na kizazi kijacho cha mizani, simu na kompyuta kitajengwa na wanaolielewa.